Chapati, Ulezi na Jani la Mgomba: Chakula cha Kihindi katika Historia ya Jinja na Mbale

Tunapofundisha asili ya maneno ya Kiswahili, kila mwalimu huandika ubaoni orodha zake. Orodha ya Kiarabu huwa ndefu. Ya Kiingereza huongezeka kila mwaka. Ya Kireno ina meza, leso na mvinyo. Nayo ya lugha za Bara Hindi huwa fupi, na mara nyingi huanzia jikoni: chapati, bajia, achari, kachumbari. Mwanafunzi huinakili orodha hiyo, huifanyia mtihani, kisha wakati wa mapumziko hutoka akanunua chapati langoni mwa shule bila kufikiri kwamba lile neno aliloliandika darasani ndilo analolitafuna.

Makala haya yanakusudia kuliunganisha daftari na sahani. Tutaifuata historia ya chakula cha Kihindi katika miji miwili ya mashariki ya Uganda, yaani Jinja, penye chimbuko la mto Nile, na Mbale, chini ya mlima Masaba ambao ramani huuita Elgon. Swali letu ni jepesi kuliuliza: chakula ni cha nani? Swali hilo si la mchezo. Mwaka 1972 liliulizwa juu ya watu wenyewe, likajibiwa kwa amri ya askari, na majibu yake yaliwatoa makumi ya maelfu ya watu majumbani mwao.

Njia ya majahazi na misafara

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mapishi ya Kihindi yaliletwa Afrika ya Mashariki na reli. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Mogadishu, kisha Mombasa na Kilwa. Katika habari alizoziacha anaeleza alivyokaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwekewa juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni paliandaliwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na limau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe yaliyotiwa chumvi na siki. Miaka kadhaa baadaye msafiri huyo huyo alifika Calicut, katika pwani ya Malabar, kusini-magharibi ya Bara Hindi.

Achari, basi, ilikuwa mezani pwani yetu zaidi ya miaka mia tano kabla ya chuma cha kwanza cha reli kulazwa Mombasa. Sababu yake ni pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Baharia aliyekuwa akingoja pepo zigeuke alikaa bandarini miezi, akala, akaoa, akapika. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, na kwa muda usiofika mwezi mmoja akawa amefika Calicut. Safari hiyo ilikuwa mpya kwa Wareno peke yao. Kwa wenyeji wa pwani zote mbili ilikuwa barabara ya kale.

Ndiyo maana jiko la Mswahili na jiko la mtu wa Malabar hufanana kama ndugu wa baba mmoja. Wote wawili hupika wali, wote hukuna nazi wakaikamua tui, wote hutia ukwaju katika mchuzi wa samaki. Kitumbua chetu, kinachochomwa katika chuma chenye mashimo, kina ndugu zake kule kusini ya Bara Hindi, ambako unga wa mchele huumuliwa ukachomwa katika chuma cha namna hiyo hiyo.

Kutoka pwani, ladha hizo ziliingia bara kwa miguu ya misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Mumias, na kutoka hapo walielekea Busoga na Buganda. Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885, alisafiri na wapagazi kutoka pwani. Wapagazi hawakuandika vitabu, lakini waliacha maneno. Katika Kiganda bizari huitwa binzaali, sambusa huitwa sumbusa, pilau huitwa pilawo, na wali huitwa muceere, neno lililotokana na mchele. Mwalimu atazame maumbo hayo kwa makini. Kama sambusa ingalifika Uganda kwa njia ya Mhindi wa dukani peke yake, Waganda wangaliita samosa kama Wahindi wenyewe wanavyoita. Hiyo "b" iliyomo katika sumbusa ni alama ya nyayo: inatuambia kwamba neno limepita Uajemi, Arabuni na Uswahilini kabla ya kufika ziwani.

Njia ya reli

Njia ya pili ilianza mwaka 1896, serikali ya Kiingereza ilipoanza kujenga reli kutoka Mombasa. Wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine kwa kuliwa na simba. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wengi walirudi kwao. Waliobaki Afrika ya Mashariki hawakuzidi 7,000 sana. Watu wa Punjab walikuwa walaji wa ngano, na posho yao ilikuwa unga, dengu, samli na mchele.

Neno hili posho linastahili kusimamishwa kidogo. Katika Kiswahili cha pwani, posho ni chakula au fedha ya matumizi apewayo mtu aliye kazini. Katika Uganda neno hilo likageuka kuwa jina la chakula chenyewe, yaani ugali wa mahindi, kwa kuwa ndio waliopimiwa wafanya kazi wa mashambani, wanafunzi wa bweni na askari.

Baada ya wajenzi wa reli walikuja wafanya biashara, hasa kutoka Gujarat na Kutch. Aliyetangulia wote kwa sifa ni Allidina Visram, ambaye alianza kazi pwani akiwa kijana, kisha akafungua maduka kufuata njia za misafara hata Kampala na Jinja. Alifariki mwaka 1916. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni iliweka makao ya wilaya ya Busoga Jinja. Huko Mbale, mwanzoni mwa miaka ya 1900, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijenga makao yake chini ya kilima cha Nkokonjeru, na soko likakua. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali ili kusafirisha pamba. Mwaka 1928 reli kutoka Mombasa ilifika Jinja kwa njia ya Nakuru, Eldoret na Tororo. Na katika miaka hiyo hiyo tawi lake likapitishwa Mbale kuelekea Soroti. Mwaka 1931 daraja la Nile lilipokwisha, gari la moshi likafika Kampala.

Pamba ndiyo iliyojenga miji hii miwili. Wahindi walikuwa na vinu vya kuchambulia pamba, maduka ya nguo na chumvi, na magari ya mizigo. Muljibhai Madhvani, aliyefika Uganda mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka kumi na minne, alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Mpaka leo anayepita barabara kuu ya Jinja huona maduka ya zamani yenye baraza mbele, na juu ya paa majina ya Kihindi na mwaka wa ujenzi vimechongwa katika saruji.

Katika nyumba zile jiko halikuwa moja. Wagujarati wengi wa dini ya Kihindu hawakula nyama; waliishi kwa dengu, mboga, maziwa na mikate. Waismailia na Waislamu wengine walipika pilau na biriani. Wagoa, waliokuwa makarani na washona nguo, walipika nyama na samaki kwa nazi na siki. Masingasinga wa Punjab walishika ngano yao. Mtu wa Jinja aliyewaona wote akawaita "Wahindi" aliona duka, hakuona jiko.

Lakini wako Waafrika walioliona jiko. Nao ni wapishi. Kijana wa Kisoga au wa Kigisu aliyeajiriwa nyumbani kwa Mhindi alijifunza kukanda unga, kukaanga bizari katika mafuta kabla ya kutia maji, na kupima dengu kwa macho. Alikula chakula hicho nyuma ya nyumba, wala hakukaribishwa mezani. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa: Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, na Waafrika mahali pao. Shule nazo zilitengwa kwa rangi. Haifai kulificha jambo hili tunapoisifu chapati. Chakula kilivuka mpaka ambao watu walikatazwa kuuvuka.

Tena chapati iliyovuka haikuwa ile ile. Chapati ya kila siku ya Bara Hindi ni nyembamba, ya unga usiokobolewa, nayo huchomwa bila mafuta. Chapati yetu ni ya unga mweupe. Hupakwa mafuta, huviringishwa kama konokono, husukumwa tena na kukaangwa mpaka iwe na matabaka. Huo kwa Wahindi ni mkate mwingine, wenye jina lake, paratha. Sisi tulichukua jina la mkate mmoja tukampa mwingine. Hivyo ndivyo lugha ifanyavyo siku zote: hukopa jina, kisha hulitumia apendavyo mkopaji.

Siku tisini

Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa kambini Tororo, mwendo usio mrefu kutoka Mbale, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku tisini, na mwisho wake ulikuwa tarehe 8 Novemba. Amri ilipanuliwa, na hata wenye uraia wa Uganda wengi walinyang'anywa uraia huo mbele ya makarani. Uingereza iliwapokea watu wapatao 28,000. Kanada ikawapokea wapatao 6,000. Wengine wakatawanyika India, Pakistan na kwingineko. Kila mmoja aliruhusiwa kuchukua fedha kidogo na mizigo michache. Vyungu, mawe ya kusagia na masinia ya shaba vilibaki jikoni.

Maduka yaligawiwa wenyeji waliopendelewa, wengi wao wakiwa askari na jamaa zao. Watu wakawaita "mafuta mingi". Mwalimu wa Kiswahili hataacha kuona kwamba upatanisho wa kisarufi unadai "mafuta mengi". Lakini kosa hilo ndilo lililobeba historia, na neno lenyewe limeingia katika vitabu likiwa na kosa lake. Neno jingine la wakati huo ni magendo. Sukari ya Kakira na Lugazi ilipungua mwaka hata mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu kukoma. Chai ikanywewa bila sukari katika wilaya iliyozungukwa na mashamba ya miwa. Kahawa ya mlima Masaba ikavushwa usiku kwenda Kenya, na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo swali letu linapojibiwa na watu wa kawaida. Mhindi aliondolewa, chapati haikuondolewa. Hakuna mtu aliyesema tuifukuze. Iliendelea kupikwa na wale wapishi, kisha na watoto wao, kwa sababu haikuhitaji mtaji mkubwa: sigiri ya makaa, chuma cha kukaangia, chupa tupu ya kusukumia, unga, chumvi na mafuta. Ilihama kutoka jikoni ikaenda barabarani. Vijana wa Busoga wakawa mafundi wake mashuhuri, wakaifikisha Kampala. Ni hao wanaosifiwa kwa kuieneza roleksi pale Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere: mayai hukaangwa na nyanya, kitunguu na kabichi, yakalazwa juu ya chapati, kisha yote yakaviringishwa pamoja. Jina limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, yakatamkwa kwa haraka hata yakafanana na jina la saa ya tajiri. Mwaka 2016 Kampala ilifanya tamasha kwa heshima ya chakula hicho.

Pia iko kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande na kuchanganywa na maharagwe. Tazameni kiambishi "ki-": ni kile kile cha kitoto, kizungu na kijeshi, chenye maana ya "kwa namna ya". Anayekula kikomando hula kama komando, haraka na bila anasa. Katika neno hilo moja mna unga wa Mhindi, maharagwe ya Mgisu, jina la askari na sarufi ya Kiswahili.

Kurudi, na wageni wapya

Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizonyang'anywa. Ukoo wa Madhvani ulirudi Kakira mwaka 1985, na baada ya mwaka 1986 serikali ya Museveni iliwaita wengine. Katika miaka ya 1990 nyumba nyingi za Jinja na Mbale zilirudishwa kwa wenyewe, ingawa si wote waliokuja kuzikaa. Shamba la mpunga la Kibimba, kati ya Jinja na Tororo, lilinunuliwa na kampuni ya mchele ya Tilda, ya ukoo uliokuwa miongoni mwa waliofukuzwa.

Pamoja na hao walikuja Wahindi ambao babu zao hawakuijua Uganda kamwe. Hawa hutoka Kerala, Tamil Nadu, Karnataka na Andhra, majimbo ya kusini; ni wahandisi, wahasibu, walimu na waganga. Nao wameleta jiko la tatu. Leo katika hoteli za Kihindi za miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki, kando ya vyakula vya Gujarat na Punjab tulivyovizoea, huandikwa dosa, idli, sambar na samaki wa nazi. Dosa ni mkate mwembamba mpana wa mchele na choroko nyeusi, vilivyolowekwa, vikasagwa na kuachwa vichachuke usiku kucha. Idli ni wa unga huo huo, lakini hupikwa kwa mvuke. Sambar ni mchuzi wa dengu, mboga na ukwaju. Mji mdogo wa Udupi, katika pwani ya Karnataka, ulitoa wapishi waliojifunza kazi hekaluni, wakafungua hoteli za chakula kisicho na nyama katika miji mingi ya India tangu mwanzo wa karne ya 20.

Mtu wa Jinja akiketi katika hoteli ya namna hiyo, atasoma majina asiyoyajua na kukuta vyakula anavyovijua. Mkate wa Kerala uitwao parotta, wenye matabaka na mafuta, atauita chapati mara moja, wala hatakuwa amekosea. Samaki katika tui na ukwaju atamkumbusha Mombasa. Na siku ya karamu, watu wa Kerala huandaa wali na vitoweo vingi juu ya jani la mgomba. Msoga hana haja ya kufundishwa matumizi ya jani la mgomba: matoke yake hufungwa humo yakapikwa kwa mvuke tangu kale.

Deni la pande mbili

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba sisi tumekuwa wapokeaji tu. Ulezi unakanusha dhana hiyo. Nafaka hiyo, ambayo Waganda na Wasoga huiita obulo, asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, yaani Uganda na Ethiopia. Kutoka huku ilivuka bahari maelfu ya miaka iliyopita ikafika Bara Hindi, na ikapata makao yake makubwa kusini, hasa Karnataka, ambako huitwa ragi. Mkulima wa Karnataka husonga unga wa ragi katika maji ya moto mpaka ukaze, akaufanya tonge kubwa la mviringo, akalila kwa mchuzi. Mteso akiliona tonge lile atasema ni atap. Mgwere na Mgisu watalitambua kwa rangi yake kabla ya kulionja.

Mgomba nao ulikuja kinyume chake. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Ulivuka Bahari ya Hindi ukapanda mpaka kando ya ziwa, na hapo Waganda na Wasoga wakauzalisha aina nyingi zisizopatikana kwingine. Basi jani ambalo Mkerala huandalia karamu na jani ambalo Msoga hufungia matoke ni la mti mmoja uliosafiri pande mbili. Na ulezi tuliowapa hatukuwadai.

Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo mara nyingi hutumiwa kumsuta mgeni asiyeondoka. Lakini ina maana nyingine: anayepewa jembe si mgeni tena, kwani amekuwa mwenzi wa kazi. Chapati imekwisha kupewa jembe. Kosa la mwaka 1972 ni kwamba watu waliolima nasi kwa miaka sabini walihesabiwa kuwa wako katika siku ya pili.

Neno kwa walimu

Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili zaidi ya wengine. Katika Uganda lugha yetu yenyewe imewahi kuitwa mgeni. Ilifika kwa misafara ile ile iliyoleta bizari. Ikatumiwa relini, vinuni na kambini. Ikachukiwa na wengi kwa sababu ya sauti za askari walioisema kwa ukali. Mwaka 1973 Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na kutangazwa na mtu yule hakukuizidishia wapenzi. Mwaka 2005 katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza ifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini lugha, kama chapati, haipendwi kwa kuagizwa. Hupendwa inapopata kazi mikononi mwa watu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba orodha yetu ya maneno ya kigeni isibaki ubaoni. Mwalimu awatume wanafunzi wa Jinja au Mbale kwa mkaanga chapati wa jirani, waandike jina la kila kitu anachokitumia: unga, mafuta, sigiri, chuma, chumvi, kitunguu, binzaali. Kisha wajiulize kila neno limetoka wapi, limepita njia gani, na limebadilika sura wapi. Wawaulize wazee wao nani aliwafundisha kupika. Watakaporudi darasani watakuwa na historia ya Bahari ya Hindi, ya reli, ya pamba na ya zile siku tisini, nayo haitakuwa historia ya watu wengine. Somo la ulezi liwe la mwisho, ili mtoto ajue kwamba baba zake nao walikuwa na kitu cha kuwapa walimwengu.